Mgonjwa mmoja alipona kwa dawa hii. Je, na mdogo wangu apewe?

"Daktari, salaam. Mdogo wangu wa kike ana miaka 38. Kwa miaka mitatu mgongo na miguu yake imekuwa ikikakamaa. Akishtuka kidogo tu, hata mlango ukijipiga, anaanguka mzima mzima bila kuwahi kunyoosha mkono. Mara mbili aliambiwa ni wasiwasi. Mwaka huu daktari wa mishipa ya fahamu alimpima kingamwili za GAD, zikakutwa juu sana, akatuambia ni ugonjwa adimu wa kukakamaa mwili (kwa Kiingereza "stiff person syndrome"). Sasa anatumia diazepamu na baklofeni, dawa za kulegeza misuli; nafuu ipo lakini ndogo. Nimesoma ripoti ya mgonjwa aliyekuwa hatoki kitandani, akapewa rituksimabu, akarudi kutembea. Daktari wetu anataka kuanza na imunoglobulini. Mwingine yuko tayari kumpa rituksimabu hata wiki ijayo. Tumsikilize nani? Halafu hospitali imeomba ridhaa ya kuandika kisa chake na kumpiga video. Mama amekataa, anasema wanataka kumfanya panya wa maabara. Nieleze bila kunificha."

Ndugu yangu, pole, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Kuanguka mbele za watu kwa miaka mitatu, kisha ukaambiwa ni mawazo yako, kunachosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Jinsi nilivyokuelewa, kinachokusumbua ni hiki: kama yupo mtu aliyeinuka kitandani kwa dawa fulani, na dawa hiyo inapatikana, kwa nini tuzunguke kwanza na nyingine? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba ningefuata mpango wa daktari wenu wa sasa, niianze imunoglobulini (protini za kinga kutoka damu ya wachangiaji), na rituksimabu niiweke akiba. Simpuuzi huyo daktari wa pili, wala ripoti uliyoisoma sidhani ni ya uongo. Ila ugonjwa huu una historia ambayo ukiijua, utaisoma ripoti hiyo kwa jicho lingine.

Kwanza tuelewane mwilini mwa mdogo wako kunatokea nini. Ili ukunje goti, misuli ya nyuma ya paja lazima ivute na ya mbele ilegee wakati huohuo. Kulegea huko hakuji chenyewe. Ubongo na uti wa mgongo hutumia kemikali iitwayo GABA kama breki, kuituliza misuli isiyohitajika kwa wakati ule. GABA hutengenezwa na kimeng'enya kiitwacho GAD. Katika ugonjwa huu breki hiyo imedhoofika, kwa hiyo misuli inayopaswa kupokezana inakaza yote kwa pamoja: mgongo unapinda kwa ndani, tumbo linakuwa gumu kama ubao, miguu haikunjiki. Kelele, mguso au habari ya kushtua inatosha kuwasha mkazo mkali, na kwa kuwa mikono nayo haiwahi, mtu anaanguka mzima, kama ulivyoeleza. Akilala usingizi, mara nyingi ukakamavu unalegea.

Hapo ndipo lilipotoka kosa la "wasiwasi". Wagonjwa hawa kweli huwa na hofu, hasa ya kuvuka barabara au kupita mahali pa wazi pasipo na kitu cha kushika. Sehemu ya hofu hiyo yaelekea inatokana na upungufu wa GABA katika ubongo, na sehemu nyingine ni busara ya mtu aliyekwisha kuanguka mara nyingi. Kisha daktari anampa diazepamu kwa ajili ya wasiwasi, mgonjwa anapata nafuu, na daktari anaondoka ameridhika kwamba alikuwa sahihi. Kumbe diazepamu inasaidia kwa sababu inaipa GABA nguvu. Dawa sahihi ikatolewa kwa sababu isiyo sahihi, na utambuzi ukachelewa. Sishangai kwamba kwenu ilichukua miaka mitatu. Ugonjwa wenyewe unakadiriwa kumpata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja, na madaktari wengi hustaafu bila kumwona hata mgonjwa mmoja.

Kuhusu kingamwili, yaani protini za mfumo wa kinga, ambazo kwa mdogo wako zinailenga hiyo GAD, niondoe dhana mbili. Ya kwanza: kuwa nazo tu si ugonjwa. Watu wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza wanazo kwa kiwango cha chini na hawakakamai kamwe. Kilichompa daktari wenu uhakika ni kwamba kiwango ni cha juu sana na dalili zinalingana. Ya pili: namba hiyo haipimi ukali wa ugonjwa. Mwenye kiwango kikubwa zaidi anaweza kuwa anatembea kuliko mwenye kidogo. Msitumie pesa kuirudia kila mwezi mkitegemea ishuke, na akitokea mtu akawaambia "tazameni, kingamwili zimepungua, anapona", mwulizeni mdogo wako anapanda ngazi vipi siku hizi. GAD iko ndani ya seli, mahali ambapo kingamwili hazifiki kirahisi, ndiyo maana wataalamu bado wanabishana kama kingamwili hizi ndizo zinazofanya uharibifu au ni dalili tu kwamba mfumo wa kinga umekosea mahali. Ubishi huo kauweke akilini, utatusaidia mbele kidogo.

Sasa turudi kwenye ripoti ya mgonjwa mmoja. Ugonjwa huu wote umejengwa juu ya visa vya mmoja mmoja. Mwaka 1956 madaktari Frederick Moersch na Henry Woltman wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa 14 waliokuwa wamewakusanya kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1963, katika kliniki hiyohiyo, ikaripotiwa kwamba diazepamu inawasaidia. Na mwaka 1988 timu ya watafiti ilimwandika mgonjwa mmoja, mmoja tu, aliyekuwa na ukakamavu, kifafa na kisukari cha aina ya kwanza kwa pamoja. Walijiuliza ni nini kinaunganisha maradhi matatu yasiyofanana, wakakuta kingamwili zinazolenga GAD. Kipimo alichofanyiwa mdogo wako mwaka huu kinatokana na mgonjwa yule. Kwa hiyo sitakuambia kwamba kisa kimoja hakina thamani. Kinaweza kufungua mlango ambao tafiti kubwa zisingeujua hata kama upo.

Kinachokishinda kisa kimoja ni kukuambia kama dawa inafanya kazi. Na rituksimabu katika ugonjwa huu ni somo zuri kuliko yote ninayoyajua.

Rituksimabu huondoa seli B za damu, zile ambazo baadaye hukomaa na kutengeneza kingamwili. Kwa mantiki, kama kingamwili ndizo adui, ukiondoa kiwanda utamaliza vita. Ripoti za mgonjwa mmoja mmoja zikaanza kutoka, nyingi za kutia moyo, zinazofanana sana na hiyo uliyoisoma. Ndipo daktari wa mishipa ya fahamu Marinos Dalakas na wenzake wakafanya jaribio la kweli, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 24 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata dripu mbili za rituksimabu, wengine dripu mbili za plasebo, yaani zisizo na dawa ndani yake. Si mgonjwa wala mpimaji aliyejua nani kapata nini. Baada ya miezi 6 walipima ukakamavu, na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili haikuonekana.

Ila tazama yaliyotokea njiani. Kwenye miezi 3, maisha ya kila siku yalikuwa yameboreka katika makundi yote mawili. Walipoulizwa wenyewe, wagonjwa 4 wa rituksimabu walisema ukakamavu umepungua. Katika kundi la plasebo, idadi ilikuwa hiyohiyo: 4. Sasa hebu wafikirie hao wanne wa plasebo. Lau kama wangepewa rituksimabu katika hospitali ya kawaida, nje ya utafiti, kila mmoja wao angeandikwa katika ripoti ya kupendeza: mgonjwa alikuwa na hali mbaya, akapewa dawa, akapata nafuu. Hakuna ambaye angekuwa amesema uongo, na wewe ungezisoma ripoti zote nne usiku ukiwa umekaa kando ya kitanda cha mdogo wako.

Inawezekanaje mtu apate nafuu bila dawa? Ugonjwa huu hupanda na kushuka, na watu hutafuta tiba mpya wanapokuwa chini kabisa, kwa hiyo hata wasingefanya lolote, wengine wangepanda kidogo. Katika kipindi hichohicho dozi ya diazepamu huwa imerekebishwa na fiziotherapia imeanza. Juu ya hayo, matumaini yenyewe hufanya kazi hapa kuliko katika magonjwa mengi, maana hofu ni mojawapo ya vinavyowasha mikazo. Mtu aliyetulia moyoni hakakamai sana. Na jambo la mwisho halimhusu mgonjwa bali sisi madaktari: tukitoa dawa isifanye kitu, mara chache tunakaa chini kuandika. Zinazochapishwa ni zile zilizofana.

Niwe mwadilifu kwa upande wa pili pia. Wagonjwa 24 ni wachache, na jaribio dogo linaweza kukosa faida inayowapata baadhi ya watu tu. Kati ya wale wanne wa rituksimabu, watatu walikuwa bado na nafuu kwenye miezi 6, na video zao zilionyesha hivyo. Kwenye plasebo alibaki mmoja. Huenda lipo kundi dogo ambalo dawa hii inalifaa kweli, na hatujui kulitambua mapema. Ndiyo maana madaktari wa mishipa ya fahamu bado huitumia kwa wagonjwa walioshindwa na tiba nyingine. Yeyote anayeitaja si tapeli. Inawezekana pia haiwafikii wahusika, kwa kuwa seli zilizokomaa ambazo tayari zinamwaga kingamwili haziguswi nayo. Na kama kingamwili si mkosaji mkuu, basi dawa inapiga pasipo na mtu.

Upande wa imunoglobulini, ushahidi una umbo tofauti. Mwaka 2001 Dalakas huyohuyo alichapisha jaribio la wagonjwa 16 wenye kingamwili za GAD. Kila mmoja alipata imunoglobulini kwa miezi 3 na plasebo kwa miezi 3, bila kujua kipi kimetangulia, na mwezi mmoja wa mapumziko katikati. Ukakamavu ulipungua wakati wa imunoglobulini na ukarudi wakati wa plasebo. Wagonjwa 11 waliweza kutembea kwa urahisi zaidi au bila kushikiliwa. Nafuu ilidumu kati ya wiki 6 na mwaka mmoja. Namba ni ndogo, lakini kila mgonjwa alilinganishwa na yeye mwenyewe, na hilo lina uzito mkubwa.

Haina raha, nisikudanganye. Hutengenezwa kwa plazma ya wachangiaji damu wengi, ni ghali, na haipatikani wakati wote. Inaweza kuleta maumivu makali ya kichwa, kuganda kwa damu, au kuzielemea figo, kwa hiyo mwambieni daktari kama amewahi kuwa na tatizo lolote kati ya hayo. Si kila mtu anapata nafuu.

Lakini ina sifa moja ninayoipenda kwa hali kama yenu: inaisha. Hiyo ina maana mnaweza kuijaribu kwa mdogo wako mwenyewe kwa namna inayokaribia utafiti. Kabla ya dozi ya kwanza, andikeni kwa wiki mbili au tatu ameanguka mara ngapi, mikazo mingapi kwa siku, anatumia dakika ngapi kutoka kitandani hadi mlangoni, anahitaji mtu wa kumshika au la. Mpigeni video akitembea umbali uleule, saa ileile ya siku, muda uleule baada ya kumeza diazepamu. Daktari akiona inafaa, dozi za dawa nyingine zisibadilishwe katika kipindi hicho. Endeleeni kuandika baada ya dozi. Ikifanya kazi mtaiona, na ikipungua nguvu mtaona inavyopungua. Baada ya miezi 3 mtakaa na daktari mkiwa na daftari mkononi, na uamuzi wa kuendelea au kuacha hautategemea nani anakumbuka nini. Kwa rituksimabu huwezi kufanya hivyo, kwa sababu ikishaingia, seli B hukosekana kwa miezi 6 au zaidi, na hakuna namna ya kuirudisha.

Kwa sababu hiyo, neno lililonishtua katika barua yako ni "wiki ijayo". Kabla ya rituksimabu lazima apimwe virusi vya homa ya ini B, kwani dawa hii inaweza kuviamsha hata kwa mtu aliyevisahau, na watu wamekufa kwa hilo. Lazima ijulikane kama ana ujauzito au anautarajia. Chanjo anazohitaji ni bora apate kabla, maana baadaye mwili hauzipokei vizuri. Daktari anayesema "njooni wiki ijayo" bila kutaja hata kimoja kati ya hivi, mwulizeni kwa upole, na jibu lake litawaambia mengi. Njia nzuri zaidi ni kuwaomba madaktari hao wawili wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Msiwe tarishi wa kubeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Imunoglobulini ikishindwa kwa vipimo vyenu wenyewe, rudini kwenye rituksimabu bila aibu, safari hii kwa maandalizi na kwa tarehe ya kutathmini.

Mkiendelea kusoma mtakutana na mengine. Mwaka 2024 iliripotiwa kutoka Ujerumani kisa cha mgonjwa mmoja aliyepata nafuu kubwa kwa tiba ya CAR-T, ambapo seli T (aina nyingine ya seli za kinga) za mgonjwa mwenyewe hurekebishwa maabara zikaondoe seli B kwa kina zaidi. Inasisimua, ila ripoti ile ilikuwa ya mgonjwa mmoja, kwa hiyo isomeni kama tulivyosoma hapa. Kliniki zinazouza sindano za "seli shina" kwa kila ugonjwa ni jambo jingine kabisa, zipiteni mbali. Na ndugu watawaletea habari za Céline Dion, aliyetangaza ugonjwa huu Desemba 2022 kisha akaimba Paris kwenye ufunguzi wa Olimpiki Julai 2024. Nilifurahi nami. Lakini ugonjwa huu una sura nyingi za ukali, na si haki mdogo wako apimwe kwa mwanamuziki mwenye kikosi cha wataalamu wa kumhudumia kila siku.

Yapo mambo ya kumkumbusha daktari wenu kama bado: kisukari, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, kwani huandamana na hali hii. Pia uchunguzi wa saratani, hasa ya matiti na mapafu. Kwa mwenye kingamwili za GAD uwezekano ni mdogo, lakini kuna aina ya ugonjwa huu, yenye kingamwili nyingine, inayoletwa na uvimbe uliojificha, na huko kutibu uvimbe ndiyo msingi wa tiba.

Diazepamu na baklofeni zisikatwe ghafla hata siku moja, hata akijisikia mzima, hata zikimletea usingizi. Kuzikata ghafla kunaweza kuleta degedege na mikazo ya kutishia uhai. Zisichanganywe na pombe wala dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, pumzi inaweza kusimama. Mpelekeni hospitali mara moja, usiku au mchana, akishindwa kupumua vizuri, mikazo ikifuatana bila kuachia, akipata homa na jasho jingi huku moyo ukienda mbio, akigonga kichwa, au akiwa mzito wa kuamka. Wapeni wahudumu karatasi yenye jina la ugonjwa na dawa zake, kwa maana wengi watakuwa hawajawahi kuusikia.

Tukija kwa mama. Mwambie hofu yake ina msingi, lakini kuandika kisa si kufanya majaribio. Anayeandikwa anatibiwa kama ambavyo angetibiwa bila kuandikwa. Kinachotakiwa ni ridhaa, na ridhaa ni ya mdogo wako, ana miaka 38 na akili zake timamu. Si ya mama wala yako. Akikataa, matibabu yake hayapaswi kubadilika hata kidogo, na hilo aombe aambiwe waziwazi. Akikubali, aombe kuisoma rasimu kabla haijatumwa. Tatizo la ugonjwa adimu ni kwamba kuficha jina hakutoshi: umri, kazi na mji vikiwekwa pamoja, majirani watamjua. Anaweza kudai vitolewe. Video ni nzito zaidi, kwani uso ukionekana hakuna la kuficha tena. Anaweza kukubali maandishi akakataa video, au akaruhusu irekodiwe kuanzia shingoni kwenda chini. Aulize pia hadi lini anaweza kubadili mawazo, maana ikishachapishwa hairudi. Na aulize jambo moja ambalo wagonjwa hawaulizi: kama dawa haitafanya kazi, wataandika vilevile?